Wiki nzima Olvera, kwenye mizeituni: tutafanya nini?

*Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ujerumani na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 13 na 9. Mwezi wa nne tumekodi nyumba kwa wiki moja Olvera, mji mdogo kusini mwa Hispania, kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Mama mkwe wangu, miaka 68, atakuwa amekuja kututembelea kutoka nyumbani na tutakwenda naye, magoti yanamsumbua. Sasa shemeji yangu aliyewahi kupita huko anasema hapana kitu, ni mizeituni mpaka macho yachoke, na kwamba tutaishia kuendesha gari kwenda Sevilla na Granada kila siku. Watoto wanapenda baiskeli. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo hata chakula kinanitia wasiwasi. Je, tumekosea?*

Marahaba, mdogo wangu. Hamjakosea. Shemeji yako naye hakudanganya: ni mizeituni, na ni mingi kweli. Kosa lake ni kwamba alipita. Olvera ukiipita kwa gari utaona kilima cheupe kwa nyumba, ngome juu yake na kanisa kubwa pembeni, utasimama kando ya barabara upige picha, basi, safari inaendelea. Kazi yangu huku Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania, ni kuongoza watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na wageni ninaowaona wanarudi kwao wamenuna ni wale waliogeuza mji mdogo kuwa mahali pa kulala tu. Granada ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi, ukiwa na watoto na mzee nyuma ya gari. Kaeni hapohapo. Ndani ya kilomita 30 kutoka mlangoni kwenu mna kazi ya wiki nzima.

Nianze na baiskeli, kwa sababu hapo Olvera ina kitu ambacho Sevilla na Granada hazina.

Katika miaka ya 1920, Hispania ikiwa chini ya Jenerali Miguel Primo de Rivera, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mji wa Jerez, serikali iliamua kujenga reli kutoka Jerez kupita milimani hadi Almargen, mkoa wa Málaga, ili nafaka na mafuta ya huku yapate njia ya kutokea. Mahandaki yakachimbwa, madaraja yakainuliwa, stesheni zikajengwa. Halafu fedha zikasuasua, mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, na kipande hiki cha Olvera hakikupata kuona treni hata moja. Kwa miongo mingi kilibaki kuwa njia ya mbuzi. Leo ni njia ya baiskeli na miguu iitwayo Vía Verde de la Sierra: kilomita 36 kutoka stesheni ya Olvera hadi Puerto Serrano, mahandaki 30, madaraja makubwa manne, na gari hakuna.

Faida yake kwa mtoto wa miaka 9 ni hii. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mahali ambapo barabara ya gari ingepanda na kushuka, wahandisi walitoboa mlima au wakaruka korongo kwa daraja. Nchi ni ya vilima vitupu kushoto na kulia, ila chini ya magurudumu yenu njia inateremka polepole tu. Ukitoka Olvera kwenda Puerto Serrano, kwa jumla unashuka.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Mara yangu ya kwanza nilishuka mpaka Puerto Serrano nikipiga mluzi, nikiamini miguu yangu ndiyo yenye nguvu. Nikala, nikageuza baiskeli, na baada ya kilomita tano nikatambua nguvu zilikuwa za mteremko. Kurudi si mlima, ni ule mwinuko usioonekana kwa macho ila mapaja yanaujua. Maji yaliniishia katikati ya njia, na Olvera niliingia giza limetanda. Kwa hiyo chagueni mojawapo. Ama mwende mpaka stesheni ya Zaframagón, karibu kilomita 15, mpumzike na mrudi. Ama mshuke zote 36 na mkubaliane mapema, kabla hamjapanda baiskeli, kuhusu gari la kuwarudisha. Wakodishaji wa baiskeli pale stesheni ya Olvera huwa na huduma hiyo, lakini si jambo la kupiga simu saa kumi jioni mkiwa Puerto Serrano na watoto wamelala kwenye benchi. Kwa familia yako mimi ningelipa gari. Wa miaka 13 atasema anaweza kwenda na kurudi, mwache aseme.

Kofia ngumu kwa watoto si hiari: sheria ya Hispania inamlazimu kila aliye chini ya miaka 16 kuivaa anapoendesha baiskeli. Jaribuni breki na gia palepale mnapokodi, msikubali baiskeli ambayo mtoto anagusa ardhi kwa ncha za vidole tu, na ulizeni taa. Taa si kwa ajili ya usiku. Ni kwa ajili ya mahandaki.

Handaki refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Mnaingia kutoka kwenye jua la saa tano, na baridi inawapiga kifuani kama mtu aliyefungua jokofu. Miwani ya jua iliyokuwa rafiki sasa ni upofu. Vueni kabla ya mlango, si ndani. Maji yanadondoka kutoka juu, tone moja lazima likupate shingoni. Sauti ya matairi juu ya changarawe inarudi maradufu, kana kwamba kuna kundi jingine nyuma yenu. Mbele kuna kitobo cha mwanga kama sarafu, kisha njia inapinda na sarafu inapotea. Kwenye mahandaki marefu zimewekwa taa zinazojiwasha mtu akipita, lakini nimekuta siku ambazo haziwaki, kwa hiyo kila mmoja awe na yake, mbele na nyuma. Mwambie mdogo asishike breki ghafla humo ndani, na mkubwa asiende peke yake mbele kwa sifa. Watoto wote niliowahi kupitisha humo wamepiga kelele kusikia mwangwi. Waacheni wapige, ila wakishapita watembeaji.

Kisha Zaframagón. Njia inatoka gizani na kupita daraja juu ya korongo la mto Guadalporcún, na mbele yenu panasimama jabali la chokaa lenye urefu wa mita 584 juu ya usawa wa bahari, limepakwa mistari myeupe kana kwamba mtu amemwaga chokaa kutoka juu. Ni mavi ya tumbusi. Hapa pana mojawapo ya makazi makubwa ya tumbusi wa griffon katika Andalusia. Jabali lenyewe ni hifadhi, halipandwi, na sababu mtaielewa mkijua maisha ya ndege hawa: jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, katikati ya baridi, wazazi hulilalia kwa zamu kwa takriban siku 55, na kinda hukaa kwenye kiota karibu miezi minne kabla ya kuruka. Mwezi wa nne mkifika nyinyi, makinda yamo. Mkija na darubini, hata ya bei ya chini, mtayaona kama vifurushi vya pamba vichafu kwenye kingo za mwamba.

Msifike alfajiri mkidhani ndiyo saa ya ndege. Tumbusi ni mzito na mvivu wa kupiga mabawa, hungoja hewa ipate joto ianze kupanda, kisha hupanda nayo kama mtu kwenye lifti. Kuanzia saa nne, saa tano asubuhi hivi, wanaanza kujitupa kutoka mwambani mmoja mmoja, na kwa kuwa mko juu ya daraja, wengine hupita chini yenu. Hapo ndipo utaona mgongo wa ndege mwenye mabawa ya zaidi ya mita mbili na nusu, rangi ya mchanga, na manyoya ya nchani yamefunguka kama vidole. Katika stesheni ya zamani ya Zaframagón kuna kituo kinachoonyesha maisha yao, pamoja na picha za kamera kutoka mwambani. Hakifunguliwi kila siku. Ulizeni siku moja kabla.

Nikuambie jambo litakalomfurahisha mama mkwe wako. Tangu miaka ya 1990, kusini mwa Hispania huonekana mara kwa mara tumbusi wa Rüppell, yuleyule anayezaliana kwenye majabali ya Tanzania na Kenya. Hawatoki kwetu moja kwa moja, jamii yao imeenea mpaka Afrika Magharibi, na inaaminika vijana wa griffon wanaokwenda kusini wakati wa baridi hurudi wakifuatana nao kuvuka mlango wa bahari wa Gibraltar. Mara nyingi huonekana karibu na Tarifa, kwa hiyo msiwategemee Zaframagón. Lakini keremkerem mtawaona karibu kwa hakika, maana mwezi wa nne ndipo wanaporudi kutoka Afrika, rangi zote za kanga kwenye waya mmoja wa simu.

Mama mkwe msimwache nyumbani siku ya baiskeli. Stesheni ya Olvera iko chini, nje kidogo ya mji. Mpelekeni kwa gari au teksi, atembee naye mmoja wenu kilomita moja au mbili kwenye njia ileile kisha warudi wakanywe chai pale stesheni, ambapo jengo limegeuzwa kuwa hoteli na mgahawa. Kwa magoti mabovu sijui njia bora huku kuliko hiyo, kwa sababu mjini kwenyewe ni vita. Mtaa mkuu unaitwa Calle Llana, maana yake mtaa tambarare. Magoti yake yatakuwa na maoni yao.

Haya, mji. Juu kabisa kuna uwanja mdogo, kanisa la Encarnación la karne ya 19 lenye minara miwili, na ngome iliyosimama juu ya mwamba mtupu mita 623 kutoka usawa wa bahari. Ngome ilikuwa ya Waislamu, sehemu ya mstari wa ulinzi wa ufalme wa Granada, mpaka mwaka 1327 Alfonso XI wa Castilla alipouteka mji. Baada ya hapo Olvera ikawa mpakani, mahali pa kuuawa, na mfalme hakupata watu wa kuhamia. Akatoa ahadi: mhalifu atakayekubali kuishi na kulinda hapa kwa muda uliowekwa atasamehewa makosa yake. Ndiyo sababu Wahispania mpaka leo wana methali, *Mata al rey y vete a Olvera*, ua mfalme ukimbilie Olvera. Wenyeji wanaitaja kwa fahari kubwa kuliko inavyostahili.

Ngazi za ngome ni nyembamba na kali, mama abaki uwanjani. Karibu yake ipo La Cilla, ghala la zamani la nafaka lililogeuzwa makumbusho ya habari za mpaka na ngome, na ofisi ya watalii imo humohumo. Anzeni hapo siku ya kwanza, mwombe ramani ya karatasi na ratiba ya vitu vinavyofunguliwa. Wengine waende juu. Mkiwa kileleni, angalieni mashamba kwa dakika kumi bila simu, kwa maana hiyo mizeituni ya shemeji yako, ukiiona kutoka juu, unaanza kuisoma: mistari iliyonyooka ni mashamba mapya, ile iliyotawanyika mlimani kama watu waliotoka sokoni ni ya zamani, mabaka ya kijani kibichi ni ngano, na udongo uliolimwa ukabaki wazi mara nyingi unangoja alizeti.

Mzeituni wenyewe mwezi wa nne hauna tunda. Unakuta vishada vya vichipukizi ambavyo mwezi wa tano vitafunguka kuwa maua madogo meupe, na mavuno ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa kwanza. Hapa nikupe onyo moja la kitabibu: chavua ya mzeituni ni kali, kilele chake ni mwezi wa tano. Kama mtoto ana pumu au mafua ya mzio, na safari yenu inaangukia mwisho wa mwezi wa nne, msisahau dawa zake Ujerumani.

Kwenye miteremko ya hapa trekta na mashine kubwa hazipiti, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi bado ni nyavu chini ya mti, fimbo, na mashine ndogo ya kutikisa tawi. Kupata lita moja ya mafuta mazuri huenda zeituni kilo tano hivi. Mafuta ya ukanda huu wa Sierra de Cádiz yana alama rasmi ya asili yake, na aina kuu ya zeituni inaitwa Lechín. Tafuteni kinu kinachokaribisha wageni; mwezi wa nne mitambo imelala, lakini ndipo wenye kinu wana muda wa kuongea. Watawamiminia mafuta kidogo kwenye kikombe, mkifunike kwa kiganja, mkipashe joto kwa mkono wa pili, mnuse, kisha mnywe tone huku mkivuta hewa kwa meno. Yatakuwa machungu ulimini, halafu yatakukereketa kooni mpaka ukohoe. Mtoto atadhani yameharibika. Kinyume chake: uchungu na mkereketo huo ni dalili ya zeituni iliyokamuliwa mapema ikiwa mbichi, na mafuta laini yasiyo na ladha ndiyo ya kutilia shaka. Kwenye chupa tafuta maneno *virgen extra* na kioo cheusi, maana mwanga huyachakaza.

Mama mkwe wako, ambaye hajui Kihispania, atashangaa kwenye kinu hicho kusikia neno *aceituna*. Ni zeituni yetu hiyohiyo. Waarabu waliwaachia Wahispania kwa mlango mmoja na sisi kwa mwingine. Sokoni atakuta *berenjena*, biringanya, na *azúcar*, sukari. Na mkuu wa mji anaitwa *alcalde*, ambaye asili yake ni kadhi. Mfundishe watoto wacheze mchezo huo wiki nzima, ni bure.

Kutembea mashambani, jueni tofauti moja. Hispania ina mtandao wa mapito ya mifugo tangu enzi za kuhamisha kondoo kutoka kaskazini kwenda kusini, na sheria ya mwaka 1995 inayalinda kama mali ya umma. Mkiona kibao cha *vía pecuaria* au *cañada*, piteni bila woga. Njia nyingine za mashambani zinaweza kuwa za mtu. Geti mkilikuta limefungwa, fungueni, piteni, fungeni. Mkilikuta wazi, liacheni wazi. Kibao kidogo cha mstatili kilichogawanywa pembe kwa pembe, nusu nyeusi nusu nyeupe, maana yake ni eneo la uwindaji, jambo la kujali zaidi msimu wa baridi. Mbwa mkubwa mweupe akiwa na kondoo yuko kazini: msikimbie, msimpigie picha kwa karibu, zungukeni kundi mbali. Na mkikuta mtu ameinama pembezoni mwa shamba na kishada cha vijiti vya kijani mkononi, anachuma asparaga ya porini. Mwezi wa nne ni mwisho mwisho wa msimu wake. Salimieni tu *buenos días*. Kumuuliza ameipata wapi ni kama kumuuliza mvuvi wa Pwani mwamba wake uko wapi.

Gari mtahitaji, ukweli usifichwe. Mabasi yapo lakini ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Viwanja vya ndege vya Málaga, Sevilla na Jerez vyote viko umbali wa kama saa moja na nusu. Mkiwa na gari, fanyeni safari fupi mbili au tatu, na mbili zinatosha.

Setenil de las Bodegas ni kama kilomita 15. Mto, uleule unaoonekana Zaframagón chini zaidi, umekata mwamba, na watu wamejenga nyumba chini ya kingo zake bila kuweka paa: paa ni jabali. Mtaa mmoja unaitwa Cuevas del Sol kwa kuwa unapata jua, wa ng'ambo Cuevas de la Sombra kwa kuwa haupati. Mama mkwe anaweza kukaa mezani jiwe likiwa limening'inia juu ya kikombe chake. Mji ulichukua muda mrefu kutekwa, ulianguka mwaka 1484 kwa mizinga. Fikeni kabla ya saa nne asubuhi au jioni. Katikati ya mchana hakuna pa kuegesha gari, na msiingize gari kwenye vichochoro hata ramani ya simu ikiwaambia mwende moja kwa moja. Nimesaidia kusukuma magari mawili yaliyonasa huko.

Zahara de la Sierra ina bwawa la maji ya bluu ya kijani chini ya ngome, ambapo watoto wanaweza kupiga kasia mtumbwi mdogo. Maji mwezi wa nne bado ni baridi. Nyuma yake milima ya Grazalema inaanza, na hapo mtashangaa: kusini hiyohiyo inayosifika kwa ukame ina mji wa Grazalema unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania, kwa sababu mawingu ya Atlantiki yanagonga milima hiyo kwanza. Ndiyo maana unamea pinsapo, mti wa jamii ya misonobari uliobaki sehemu chache sana duniani. Bebeni makoti. Njia za El Pinsapar na Garganta Verde zinahitaji kibali cha hifadhi, na Garganta Verde haifai kwa magoti wala kwa mtoto aliyechoka. Inashuka kwa ukali na lazima upande ulikoshuka. Ronda? Daraja lake la mwaka 1793 ni zuri, na kila mtu yuko juu yake. Kama mnapita njiani, simameni.

Sasa chakula, na hapa uwe mkali kidogo. Kwa mhudumu wa huku neno *carne*, yaani nyama, mara nyingi halimaanishi nguruwe aliyekaushwa. Ukisema huli nyama ya nguruwe, anaweza kukuletea saladi iliyonyunyiziwa vipande vya *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa, kwa nia njema kabisa. Sema yote kwa pamoja: *no comemos cerdo, ni jamón, ni chorizo, ni manteca*. *Chorizo* ni soseji ya nguruwe, na hilo neno la mwisho ni shahamu yake. Asubuhi hupakwa kwenye mkate, na ile ya rangi nyekundu hudhaniwa na wageni kuwa siagi ya pilipili. Mchuzi wa dengu na maharage nao mara nyingi umepikwa na kipande cha nguruwe hata kama hukioni. Kifungua kinywa mtakachokula bila wasiwasi ni mkate uliochomwa, nyanya iliyokunwa, chumvi, na mafuta ya zeituni kwa wingi. Supu nzito ya mkate na asparaga, samaki wa kukaanga, mayai, jibini la mbuzi wa payoya wa milima hii: kwa hayo hamtalala njaa, ila supu ulizeni imepikwa na nini. Nyama ya halali Olvera msiitegemee. Mkipitia Málaga nunueni kwenye bucha za Wamoroko, au mje nayo kutoka Ujerumani, kwa sababu ndani ya Umoja wa Ulaya inaruhusiwa. Mama kutoka nyumbani asibebe hata kipande. Uwanja wa ndege watakitupa.

Saa zao pia mzizoee mapema. Maduka hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja au zaidi, chakula cha mchana ni saa nane mpaka kumi, na jikoni nyingi za usiku haziwashwi kabla ya saa mbili na nusu. Mwisho wa mwezi wa nne jua linazama karibu saa tatu usiku, jambo ambalo mama wa Tanga atalichukulia kama kichekesho, yeye ambaye Magharibi yake maisha yote ni saa kumi na mbili na kitu. Lakini linawafaa: mchana laleni kama wenyeji, saa kumi na moja na nusu tokeni tena mkiwa na saa tatu nzima za mwanga laini, sali Magharibi, kisha nendeni kula wakati mji mzima ndiyo kwanza unakaa mezani.

Kabla hujalipia gari la Puerto Serrano, angalia kalenda ya Pasaka. Jumatatu ya pili baada ya Jumapili ya Pasaka Olvera husherehekea kile wanachokiita Lunes de Quasimodo: mji unashuka kwenda kanisa dogo la Los Remedios, kilomita mbili hivi nje ya mji, kukumbuka mvua iliyokuja baada ya ukame wa mwaka 1715, na siku inaishia kwa kula chini ya miti. Mkiwa hapo siku hiyo, karibu kila mlango mjini utakuwa umefungwa. Nunueni mkate na maziwa Jumamosi, baiskeli muiweke siku nyingine, na mama mkwe mumpeleke Los Remedios kwa teksi asubuhi, kabla kivuli kizuri hakijachukuliwa.